UZI: Dozi ya kifafa ni ileile, mbona kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda na kushuka?

Mtoadawa_Tanga (#1)

Wakuu, habari za leo.

Nafanya kazi famasi hapa Tanga. Kuna swali ndugu wa wagonjwa wa kifafa huniuliza kila mara, likija kwa sura tofauti: "Dozi haijabadilika, hajaruka hata siku moja, mbona ameanza kuanguka tena?" Wengine huja na kinyume chake. Dozi ileile, lakini mgonjwa anayumba, macho yanacheza, anasinzia kutwa nzima. Hapo maneno huwa mengi: dawa ni feki, mwili umezoea, kuna mtu kamfanyia jambo. Mara nyingi sababu iko kwenye damu yake, na inaelezeka. Nimeona nifungue uzi tuizungumze kwa kina, maana nimechoka kuona watu wakiacha dawa nzuri katikati ya safari.

Kinachozuia degedege ni dawa iliyopo kwenye damu na inayofika kwenye ubongo saa hiyo. Idadi ya miligramu iliyoandikwa kwenye kidonge ni mwanzo tu. Katikati hapo kuna tumbo linaloinyonya, protini za damu zinazoibeba, ini linaloivunja na figo zinazoitoa. Hao wote wana tabia zao, na tabia hizo hubadilika.

Tuanze na muda. Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu mwilini. Fenobabitoni kwa mtu mzima huchukua wastani wa saa 80 hivi. Wengine 53, wengine hufika 118. Sodiamu valproeti ni saa 9 hadi 16. Levetirasetamu ni saa 6 hadi 8. Kiwango hutulia baada ya takriban vipindi vitano vya namna hiyo. Ndiyo maana levetirasetamu hutulia ndani ya siku mbili, valproeti siku mbili mpaka nne, na fenobabitoni huhitaji wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Anayesema fenobabitoni imeshindwa siku ya nne anaihukumu dawa ambayo bado inapanda. Na daktari akiongeza dozi leo, usitegemee damu ionyeshe ongezeko lote kesho.

Halafu kuna kabamazepini, ambayo ndiyo inawachanganya watu kuliko zote. Hii dawa inaliamsha ini liivunje yenyewe. Dozi ya kwanza kabisa huchukua saa 25 hadi 65 kupungua nusu. Mtu akiendelea kunywa, ini huongeza vimeng'enya vya kuivunja, na muda huo unashuka mpaka saa 12 hadi 17. Kazi hiyo ya ini hukamilika kati ya wiki ya tatu na ya tano. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kutulia vizuri mwezi wa kwanza, kisha kiwango kikashuka chenyewe bila yeye kukosea chochote, na degedege likarudi. Wataalamu wanalijua hili, ndiyo maana huanza na dozi ndogo na kuipandisha kidogokidogo. Shida ni kwamba mama aliyeko nyumbani hajaambiwa. Akiona mtoto ameanguka wiki ya tano, anaamini dawa imeisha nguvu.

Fenitoini nitaieleza mtu akiuliza, maana ina mambo yake peke yake. Karibuni, ulizeni mnachotaka. Ila nisisitize: mtu asibadilishe dozi mwenyewe kwa kusoma hapa.

MamaMapacha (#2)

Mungu akubariki kaka. Hili la wiki ya tano ni la kwangu kabisa. Mmoja wa mapacha wangu yuko kwenye kabamazepini. Alianza vizuri, tukafurahi, shuleni akarudi. Mwezi wa pili ukamrudia, usiku usiku. Kliniki wakampandishia dozi, akatulia tena. Sasa imepita miezi, dozi haijaguswa, na mvua hizi zilipoanza amekuwa akianguka mara moja moja. Dawa namnywesha mwenyewe asubuhi na jioni, sitegemei mtu. Kwa hiyo ini bado linaendelea kuongeza au ni kitu gani?

Kijana wa Ilula (#3)

Mkuu, mimi ndiye huyo wa kuyumba. Natumia fenitoini miaka mingi. Mwaka jana niliongezewa kidogo tu, kidonge kidogo kimoja juu ya dozi yangu ya zamani. Baada ya wiki kadhaa nikawa natembea kama mlevi, naona vitu viwili viwili, bosi akadhani nimeanza pombe. Wakapunguza, nikapona. Hebu tueleze hiyo fenitoini.

Mtoadawa_Tanga (#4)

Mkuu wa Ilula, pole sana, na bosi wako angeisoma hii.

Fenitoini ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1938, baada ya kazi ya watafiti Merritt na Putnam kule Marekani, na mpaka leo iko kwenye makabati yetu. Tabia yake ni hii. Dawa nyingi, ukiongeza dozi nusu, kiwango kwenye damu nacho huongezeka nusu. Fenitoini haifuati hesabu hiyo, kwa sababu vimeng'enya vya ini vinavyoivunja vina ukomo. Chukulia pantoni ya Kigamboni. Magari yakiwa machache, yote yanavuka na hakuna foleni. Yakifika idadi ambayo pantoni inaweza kubeba, gari chache tu za ziada kila safari zinatosha kuleta foleni mpaka barabarani. Ini nalo likishajaa, kila miligramu ya ziada inabaki kwenye damu, leo, kesho na keshokutwa.

Nikupe mfano wa hesabu za darasani. Mtu mzima ambaye ini lake lina ukomo wa miligramu 420 kwa siku, na ambaye hufikia nusu ya uwezo huo damu ikiwa na miligramu 4 kwa lita. Akinywa 300 kwa siku, damu itatulia kwenye miligramu 10 kwa lita. Akinywa 350, itafika 20. Akinywa 375, itafika 33. Angalia hapo: miligramu 25 za mwisho zimeleta ongezeko kubwa kuliko 50 za kwanza. Kiwango kinachokubalika kwa watu wazima wengi ni 10 hadi 20. Kikivuka 20, macho huanza kuchezacheza. Kikivuka 30, mwendo huharibika. Kikivuka 40, akili hufifia na usingizi huwa mzito. Watu hutofautiana, lakini mpangilio ndio huo. Kikizidi mno, fenitoini yenyewe inaweza kuongeza degedege, na mtu asiyejua akaongeza dozi tena.

Kidonge chako kidogo kimoja kilikukuta kwenye ukingo. Na kwa sababu karibu na ukomo dawa hii hutoka polepole mno, madhara hayaji siku ileile. Yanakuja baada ya wiki, wakati umeshasahau kama dozi ilibadilishwa.

MamaMapacha, nakuja kwako. Ini likishamaliza kuzoea kabamazepini haliendelei kuongeza kila mwezi. Kwa hiyo swali langu ni jingine: vidonge unaviweka wapi, na vimo ndani ya nini?

Nesi Kiwira (#5)

Naongezea upande wa watoto, maana nipo kliniki ya watoto. Mtoto mdogo huvunja dawa haraka kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kwa kila kilo anahitaji dozi kubwa zaidi. Halafu anakua. Mtoto aliyeanza dawa akiwa na kilo 14, leo ana kilo 22, karatasi ya dawa bado inasema vilevile. Hakuna aliyekosea siku yoyote, lakini damu imepungukiwa. Wazazi, mkija kliniki hakikisheni mtoto anapimwa uzito kabla ya kuandikiwa. Tukiwa na foleni ndefu tunaweza kupitiliza, tukumbusheni bila kuogopa.

Jambo la pili, kutapika na kuhara. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, uliza kliniki kama arudie. Akiharisha siku mbili tatu, kiwango kinaweza kushuka, na hapo homa nayo inachochea degedege.

MamaMapacha (#6)

Kaka Mtoadawa, vidonge naviweka kwenye kabati la jikoni juu, watoto wasifikie. Famasi wananihesabia kutoka kopo kubwa, wananipa kwenye vile vifuko vya plastiki vya kufunga, vya mwezi mzima au miezi miwili. Tunakaa karibu kabisa na bahari. Kwa nini?

Mtoadawa_Tanga (#7)

Sasa nimekuelewa. Naomba wote wa pwani msome hapa kwa makini: Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja, Mtwara.

Kidonge cha kawaida cha kabamazepini kikipata unyevu hubadilika. Chembe za dawa hunywa maji, hujipanga upya, kidonge kinakuwa kigumu na hakiyeyuki vizuri tumboni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya hili mwaka 1990: vidonge vilivyokaa kwenye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Dawa yote imo ndani, ila haitoki. Mtoto anameza 200, anapata kama 130 na ushee.

Kabati la jikoni lina mvuke wa chai, wa wali, wa kuchemshia maji. Kifuko cha plastiki hakizuii unyevu wa muda mrefu, hasa kikifunguliwa mara mbili kila siku kwa miezi miwili. Msimu wa masika ndio mbaya zaidi. Chukua kidonge kimoja cha zamani na kimoja kipya, bonyeza vyote viwili kwa ukucha, tazama tofauti. Hicho si kipimo cha maabara na kidonge kinaweza kuonekana sawa kumbe kimeharibika, lakini kikiwa kigumu kama jiwe au kimeshikana na chenzake, kirudishe famasi.

Ombeni vile vilivyofungwa kwenye karatasi zake za kiwandani. Ikibidi kuhesabiwa kutoka kopo, omba chupa yenye kifuniko cha kukaza, na uchukue ya mwezi mmoja. Weka chumba cha kulala, mbali na ukuta unaotoa maji. Usiweke bafuni wala jikoni. Sodiamu valproeti nayo hufyonza unyevu sana. Hiyo isitolewe kabisa kwenye karatasi yake mpaka saa ya kumeza.

Na mama, ukibadilisha vidonge vichakavu kwa vizima, kiwango kitapanda. Kama dozi ilishaongezwa kufidia vidonge vibovu, mtoto anaweza kusinzia na kuyumba. Mwambie daktari wake kabla, asije akashangaa.

Kilifi Kwetu (#8)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu Kilifi kulifanywa utafiti uliochapishwa 2012. Watafiti hawakutegemea mdomo wa mtu peke yake, walitoa damu wakatafuta kama dawa imo. Matokeo yake, takriban watu 62 kati ya kila 100 wenye kifafa hai (yaani kinachoendelea) hawakuwa wanapata tiba ipasavyo. Sababu zilizojitokeza ni kama kukaa zaidi ya kilomita 30 kutoka hospitali, kulipia dawa kutoka mfukoni, na kutokuiamini tiba ya hospitali.

Mimi hili liliniingia kwa sababu kwetu mtu akianguka tunamlaumu: "wewe humezi." Kumbe mwingine amekosa nauli. Kipimo cha damu kisitumike kumshtaki mgonjwa. Kitumike kujua aanzie wapi kusaidiwa.

Maabara_na_Microscope (#9)

Umesema kweli Kilifi Kwetu. Mimi ni mtu wa maabara. Namba tunayotoa ina maana tu kama mnatueleza saa ya dozi ya mwisho. Napokea sampuli nyingi zimeandikwa jina na "kiwango cha dawa" basi. Mgonjwa amemeza saa 1 asubuhi, ametolewa damu saa 4. Hapo nimepima kilele chake. Mwezi ujao anatolewa damu kabla ya kumeza, namba inashuka, daktari anaongeza dozi. Dawa haikushuka, saa ndiyo ilibadilika.

Damu nzuri ya kufuatilia ni ya asubuhi kabla ya dozi, wakati kiwango kiko chini kabisa, na kiwango kiwe kimeshatulia. Kwa fenobabitoni saa si tatizo kubwa kwa sababu hupungua polepole sana. Kwa kabamazepini, valproeti na levetirasetamu, saa ni kila kitu.

Halafu chupa. Zile chupa za damu zenye jeli ndani hufyonza baadhi ya dawa hizi, fenitoini hasa, sampuli ikikaa juu ya jeli muda mrefu. Tumia chupa isiyo na jeli, na seramu (yale majimaji ya damu) itenganishwe mapema. Wenzangu wa vituo vinavyotuma sampuli mjini kwa basi, hili ni lenu.

Mzee Mwaya (#10)

Vijana, nimefurahi kuwasoma. Mimi natoka Ulanga, milima ya Mahenge. Kule kifafa tunakijua toka enzi za wazee wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuja daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, akaanzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Wagonjwa walikuwa wanatengwa, wanakula peke yao, watu waliogopa mate yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Fenobabitoni ndiyo iliyowatoa wengi kwenye hali ile.

Ninachotaka kusema ni kuhusu kuikatisha. Nimeona kwa macho yangu nyumba ya jirani, kijana ametulia miaka miwili, familia ikasema amepona, wakaacha siku moja. Haikupita muda akapata mfululizo wa degedege bila kuzinduka katikati. Tulimzika. Wataalamu mtuelezee, kwa nini aliyekuwa ametulia ageuke vile?

Nesi Kiwira (#11)

Shikamoo Mzee Mwaya, na pole sana kwa msiba huo.

Ubongo uliokaa na fenobabitoni muda mrefu huwa umejipanga kuishi nayo. Ukiiondoa ghafla, ubongo unabaki umechachamaa bila breki. Kwa kuwa dawa hutoka polepole, siku za mwanzo mgonjwa anaonekana mzima, familia inapata moyo, halafu kiwango kinaposhuka chini ndipo mambo yanaharibika. Kuacha kunawezekana kwa baadhi ya wagonjwa waliokaa miaka bila kuanguka, lakini hupunguzwa kwa hatua ndogo kwa miezi mingi, daktari akifuatilia.

Linalotuumiza zaidi ni dawa kuisha kituoni. Fenobabitoni iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, uagizaji wake una masharti, na vituo vidogo hukosa. Usisubiri kidonge cha mwisho. Ikibaki ya wiki mbili anza kutafuta. Na degedege likizidi dakika tano, au yakifuatana bila mtu kuzinduka, hiyo ni dharura: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Mzee Mwaya (#12)

Marahaba mwanangu. Nimeelewa sasa. Nitaipeleka hii kwenye kikao cha kijiji.

Binti Pangani (#13)

Naomba kuuliza upande wa wanawake. Natumia lamotrijini kwa kifafa changu, nimeolewa, tunataka mtoto mwakani. Kwa sasa nimeanza vidonge vya uzazi wa mpango. Toka nianze nimepata dalili zangu za zamani, ule mshtuko wa mkono asubuhi. Kuna uhusiano?

Mtoadawa_Tanga (#14)

Dada, uhusiano upo, na mkubwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hulifanya ini liondoe lamotrijini haraka zaidi. Kiwango kinaweza kushuka kwa takriban nusu. Ile wiki ya mapumziko ya vidonge kiwango hupanda tena, kisha kinashuka. Mwambie daktari wako wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki. Kuna njia nyingine. Kitanzi hakigusani na dawa hizi.

Wale wa kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, kwenu mambo yamegeuka: dawa za kifafa ndizo zinazovunja homoni za uzazi wa mpango. Vidonge na vijiti vya mkononi vinaweza kushindwa, mtu akapata mimba asiyoitarajia. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi ni salama zaidi kwa hilo.

Kuhusu mimba yenyewe: ujauzito huondoa lamotrijini kwa kasi, kiwango kinaweza kushuka chini ya nusu ya ulichozoea. Ndiyo maana wenye uwezo wa kupima hupima kabla ya mimba, wakapata namba ambayo wewe binafsi unakaa vizuri, kisha wanarudia kila mwezi wa ujauzito na kuongeza dozi kufuata damu. Ukishajifungua, mwili hurudi hali yake ndani ya wiki mbili tatu. Dozi isiposhushwa, unapata sumu ukiwa na kichanga mikononi. Hiyo ratiba ya kushusha iandikwe kabla hujaingia leba.

Usiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Anza asidi ya foliki sasa, kwa kipimo daktari atakachokupa. Na kwa mabinti wote wanaosoma hapa: sodiamu valproeti ndiyo yenye hatari kubwa kwa mtoto tumboni. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya maumbile, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata shida za ukuaji wa akili na kujifunza. Kama unaitumia na bado unaweza kuzaa, zungumza na daktari kabla ya mimba. Usiikatishe mwenyewe.

Msomaji tu (#15)

Nauliza kwa niaba ya ndugu. Anatumia kabamazepini, na ameanzishwa dawa za VVU hizi za sasa zenye dolutegraviri. Mwingine nyumbani hapo ana TB na fenitoini. Zinaingiliana?

Mtoadawa_Tanga (#16)

Ndiyo, na nashukuru umeuliza, kwa sababu wagonjwa wengi wanakwenda kliniki mbili tofauti na kila moja haijui ya mwenzake.

Kabamazepini inashusha dolutegraviri kwenye damu. Wanaolazimika kutumia zote mbili huongezewa dolutegraviri, miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, au hubadilishiwa dawa ya kifafa. Levetirasetamu haina ugomvi huo. Ndugu yako apeleke vidonge vyote kwenye kliniki zote mbili, wavione kwa macho.

Kwa mgonjwa wa TB, dawa ya TB iitwayo rifampisini huliamsha ini na kushusha fenitoini. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, inafanya kinyume: inazuia fenitoini isivunjwe, hasa kwa watu ambao miili yao huivunja isoniazidi polepole, na kiwango kinapanda mpaka sumu. Zote mbili zikiwa pamoja huwezi kukisia kwa macho nani atashinda. Huyo anahitaji kupimwa damu kama inawezekana, na kuangaliwa macho na mwendo kila akija. Hatari ya pili ni siku ya kumaliza TB: rifampisini ikiondoka, ini linatulia ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyokuwa inatosha inageuka kuwa kubwa.

Na hizi za kununua dukani bila cheti. Antibiotiki za erithromisini na klarithromisini hupandisha kabamazepini haraka, siku chache tu mtu anaona mbili na kutapika. Juisi ya balungi nayo huipandisha. Halafu dawa mseto ya malaria: kabamazepini na fenitoini huvunja lumefantrini iliyomo ndani yake, malaria ikarudi. Ukienda kutibiwa malaria sema mapema unatumia nini, watakuchagulia. Usikae na malaria kwa kuogopa.

Kijana wa Ilula (#17)

Mkuu, moja tu. Mwezi uliopita nilipimwa, majibu yakasema fenitoini ni 8, chini ya kiwango. Lakini sijaanguka, niko vizuri. Daktari mmoja anataka aongeze, mwingine anasema aache. Nimeshaonja kuyumba, naogopa.

Maabara_na_Microscope (#18)

Mtoadawa nikubali nianze mimi. Asilimia 90 hivi ya fenitoini kwenye damu hukaa imeshikwa na protini iitwayo albumini. Ile inayofanya kazi ni asilimia 10 iliyo huru. Maabara nyingi hupima jumla. Mtu mwenye utapiamlo, ugonjwa wa ini, figo, au mjamzito, albumini yake inakuwa chini. Dawa iliyoshikwa inapungua lakini ile huru inaweza kuwa vilevile. Jumla inasomeka ndogo na inadanganya. Kuna hesabu ya kusahihisha: gawanya namba uliyopata kwa jumla ya 0.1 na albumini, ikiwa gramu kwa desilita, mara 0.2. Mtu mwenye fenitoini 8 na albumini 2: 0.2 mara 2 ni 0.4, jumlisha 0.1 ni 0.5. Nane gawanya kwa 0.5 ni 16. Huyo yuko katikati kabisa ya kiwango, na ukimwongezea utamwangusha. Ini au figo zikiwa zimeharibika sana hesabu hii nayo haiaminiki. Waulize kama albumini yako ilipimwa.

Mtoadawa_Tanga (#19)

Na hata kama albumini yako ni nzima, mkuu, hakuna sheria kwamba lazima ufike 10. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, ILAE, katika mwongozo wake wa 2008 ilisisitiza kiwango cha mtu binafsi: kile ambacho wewe umekaa bila kuanguka na bila madhara. Kama wako ni 8, ndio wako. Ile 10 hadi 20 imetokana na watu wengi, wewe unaweza kuwa nje yake. Waambie madaktari wote wawili historia yako ya kuyumba. Iandike kwenye daftari la kliniki kabisa.

Na kaa na kiwanda kimoja cha fenitoini unavyoweza. Australia, mwaka 1968, kijazio cha kapsuli za fenitoini kilibadilishwa kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi. Dawa yenyewe haikuguswa, ila iliingia mwilini zaidi, na wagonjwa wengi waliokuwa wametulia wakapata sumu kwa dozi ileile. Ukipewa kopo lenye sura tofauti, muulize mfamasia, na ujiangalie wiki zinazofuata.

MamaMapacha (#20)

Nimevishika vidonge. Vya chini ya kifuko vimeshikana viwili viwili, vigumu kweli, ukucha hauingii. Famasi wamenibadilishia, wamenipa vya karatasi. Kliniki tunakwenda Alhamisi na wamesema watamtoa damu. Yeye humeza saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Nimnyweshe kabla ya kutoka au nisimnyweshe?

Maabara_na_Microscope (#21)

Mama, ya usiku wa Jumatano mpe kama kawaida saa 1, na uandike hiyo saa. Ya asubuhi usimpe nyumbani, ibebe. Wahi uwe wa kwanza, waambie hajameza, atolewe damu, halafu ameze hapohapo na chai yake. Asichelewe zaidi ya saa moja au mbili. Foleni ikiwa kubwa waeleze mapokezi kwamba mtoto anasubiri dozi ya kifafa. Wakishindwa kumtoa mapema, mpe dawa yake, damu itatolewa siku nyingine. Beba na vile vilivyoshikana, daktari avione. Na mwambie siku ulipoanza kumpa vipya, maana damu ya Alhamisi itakuwa ya vidonge hivyo vipya ambavyo huenda kiwango chake hakijatulia bado. Anaweza kutaka kurudia baada ya wiki moja au mbili.